Embe gani lipandwe nyumbani Dodoma? Naona Apple inasifiwa kupita kiasi

Ntyuka Juu, #1
Wakuu, habari za leo.

Nina kiwanja huku Ntyuka. Nyumba imekaa mbele, nyuma pamebaki nafasi ya miti minne au mitano ya matunda. Nataka mashimo yawe tayari kabla mvua za Desemba hazijaanza. Kinachonitatiza ni aina ya kupanda. Kila kitalu cha barabarani ninachosimama naambiwa chukua embe Apple, ndiyo inayotamba. Majirani zangu wawili wanayo. Miti imenawiri, mwezi wa saba inajaa maua mti mzima, halafu maua yanakauka na kubaki vijiti vyeusi. Embe zinazofika kuiva ni za kuhesabu kwa vidole. Mtaa huohuo kuna mzee ana mwembe dodo wa zamani, hajawahi kuumwagia hata dumu moja, na kila msimu matawi yake yanawekewa miti ya kuegemeza yasivunjike.

Hoja yangu: Apple si embe la Dodoma, tunauziwa jina. Wazoefu wa huku kanda ya kati mnasemaje? Na kama si Apple, nipande nini? Maji yangu ni ya bomba yenye mgao, na kisima cha jirani kina chumvi.

Mtumishi Mpya, #2
Naweka kambi hapa. Nimehamia Kisasa hapa Dodoma kutoka Dar na kiwanja changu hakina hata mti mmoja wa kivuli.

Bwanashamba Mstaafu, #3
Ntyuka Juu, kabla hujaihukumu Apple, yatazame hayo maua kwa karibu. Nenda asubuhi, shika tawi la maua, lipeleke karibu na jicho. Ukiona unga mweupe, na ukiugusa unabaki kwenye kidole, huo ni ubwiri unga. Ugonjwa huu hausubiri mvua. Unapenda hali ileile ya Dodoma ya mwezi wa sita na wa saba: usiku wa baridi, mchana mkavu. Apple na Ngowe ni dhaifu mbele yake, Tommy Atkins inajikaza kidogo.

Dawa yake ni salfa, na siri ipo kwenye muda. Unapuliza vichipukizi vya maua vinapoanza kutoka, unarudia baada ya wiki mbili hivi, unaendelea hadi vitunda vifike ukubwa wa punje ya njegere. Ukisubiri mti uchanue wote ndipo ukumbuke bomba la kupulizia, umeshachelewa. Wala usipulize jua la saa saba, salfa kwenye joto kali inaunguza majani.

Kwa hiyo Apple inafaa Dodoma kwa mtu atakayeihudumia. Ikikulia Malindi au Dodoma, inataka mtu.

Kiboko ya Mchwa, #4
Heshima kwako mzee #3, ila kwa Ntyuka naona ni upepo. Kule juu mwezi wa saba hadi wa tisa upepo unavuma mpaka bati zinalia usiku. Ua la mwembe ni laini, upepo mkavu ukilipiga siku tatu mfululizo linanyauka. Mimi niko Mkonze, nina Apple mbili. Iliyo nyuma ya nyumba, upande uliokingwa na ukuta, inazaa vizuri. Iliyo wazi haizai. Aina moja, kitalu kimoja, maji yaleyale, na sijawahi kuzipulizia chochote. Nimepanda mwarobaini upande wa mashariki ili ukue uwe kizuizi.

Mama Tunda, #5
Hapa kuna jambo linasahaulika. Hao majirani wanamwagilia mwezi wa tano na wa sita? Mwembe unataka kiu kabla ya maua. Ukiunywesha kila jioni wakati huo unatoa majani tu.

Ntyuka Juu, #6
Mama Tunda, maua yanatoka kwa wingi sana. Shida ni kwamba hayashiki. Mzee #3, nimepita leo kwa majirani na kuangalia vijiti vilivyobaki. Kwa mmoja naona mabaki meupe meupe, kwa mwingine hakuna kitu cheupe kabisa, ni vikavu tu.

Mama Tunda, #7
Sawa, nimekuelewa. Basi geuza swali: maua yakishachanua wanaupa maji? Pale ndipo kiu inapouua mzigo. Kiu kabla ya maua, maji baada ya vitunda kushika. Wengi wanafanya kinyume kwa sababu mgao wa maji ndio unaowapangia.

Daktari wa Udongo, #8
Mabibi na mabwana, tawi moja la maua ya mwembe lina maua mia kadhaa, mengine yanafika maelfu, na mengi kati yake ni ya kiume tu. Hata mti wenye afya unabakiza tunda moja au mawili kwa tawi. Kwa hiyo kudondosha maua peke yake si ugonjwa.

Mimi naangalia mambo mawili. Kwanza boroni, kirutubisho cha mmea: udongo wetu wa kichanga hauna mboji ya kutosha, na upungufu wa boroni unafanya ua lisishike. Pili wachavushaji. Mwembe unachavushwa zaidi na nzi kuliko nyuki. Kuna watu wanapulizia dawa ya kuua wadudu maua yakiwa yamefunguka, wanaua haohao wanaowafanyia kazi, halafu wanakuja kuuliza embe zimeenda wapi.

Kiboko ya Mchwa, #9
Sasa Daktari, nzi wachavushe kwenye upepo ule? Umerudi kwangu kwa mlango wa uani.

Mpwapwa Kwetu, #10
Mbukwenyi! Huku kwetu miembe mingi mizuri imeota kandokando ya makorongo, dodo na bolibo, na hakuna anayejua boroni ni nini. Kinachofanya mwembe wa yule mzee ushinde ni mzizi. Dodo la zamani lilioteshwa kwa kokwa palepale lilipo. Mzizi mkuu umeshuka wima hadi kwenye unyevu. Mche wa kisasa umekaa kwenye kiriba kidogo miezi mingi, mzizi ukafika chini ukajikunja. Ukiupanda hivyo, unabaki kunywa maji ya juujuu, na Dodoma ya juu inakauka mwezi wa tano tu.

Ninachofanya mimi: Desemba na Januari embe zikiiva, nachukua kokwa la dodo, nalipasua ganda la nje kwa uangalifu, natoa mbegu ya ndani, naipanda mapema shimoni ikiwa bado mbichi. Kokwa la embe halitunziki, ukiliacha likauke juani halioti. Mvua za msimu huo zinaliotesha. Likifikia unene wa penseli nalibebesha, yaani naliunganisha, palepale shambani kwa kikonyo, kijitawi cha aina ninayotaka, Kent au Apple au chochote. Mzizi wa dodo, tunda la kisasa, hakuna kuhamisha. Inachelewa kuzaa kidogo kuliko mche wa kununua, lakini ikishika haikusumbui kwa maji.

Mtumishi Mpya, #11
Hii #10 naiandika kwenye daftari. Swali la mgeni: mimi nikila Kent tamu nikapanda kokwa lake, sitapata Kent?

Bwanashamba Mstaafu, #12
Hutapata. Kent, Keitt, Tommy Atkins na Alphonso kokwa lake lina kiinitete kimoja, nacho kimechanganya damu ya baba na mama, hivyo mti unaoota una tabia zake wenyewe. Embe zetu nyingi za kienyeji kokwa moja linatoa miche zaidi ya mmoja, na hiyo mingi inafanana na mama yake. Ndiyo maana dodo la bibi linarithishwa kwa kokwa na Kent inarithishwa kwa kubebesha.

Na #10 amesema jambo kubwa. Kwenye ukame mimi namuunga mkono asilimia mia, ila kwenye vijiti vyeusi bado nabaki na ubwiri unga. Mzizi wima hauzuii ukungu wa hewani.

Mwenye Uchungu, #13
Mnazungumzia Kent kana kwamba unayonunua ni Kent kweli. Nilinunua miche kwenye kitalu kimoja, imeandikwa vizuri kwa rangi, Kent, Kent, Kent. Miaka ilipofika ikazaa kijiembe chenye nyuzi hadi kwenye meno. Nilipochunguza nikaona tawi lililobebeshwa lilikufa zamani, chipukizi la chini ya kiungo ndilo lililokua likawa mti. Nimemwagilia, nimeweka samadi, nimefukuza mbuzi, kumbe nalea shina la chini. Iliniuma sana.

Mama Tunda, #14
Pole sana ndugu yangu. Wengine tujifunze: kwenye kiriba tafuta kiungo, kovu linaloonekana shingoni mwa mche. Chochote kinachochipua chini ya hapo king'oe kwa kidole mapema, usisubiri kiwe tawi. Kama kovu hulioni, usitoe hela. Na miche mirefu sana kwenye kiriba kidogo iache, ndiyo ile iliyojikunja mizizi aliyoisema #10.

Nzi Hana Breki, #15
Wote mmesahau adui mkubwa. Unaweza kupata maua, ukapata matunda, halafu ukipasua embe unakuta funza. Yule nzi wa matunda aliyeingia Afrika Mashariki, akaonekana kwa mara ya kwanza 2003, anaongezeka mvua zikianza. Sasa angalieni kalenda. Embe za mapema zinaiva Novemba na Desemba, zinamkwepa kidogo. Kent na hasa Keitt zinachelewa, zinaiva mvua zimekolea na nzi wamejaa. Kwa nyumbani, ambako hutapuliza dawa kila wiki karibu na watoto, mimi nachagua aina inayowahi. Tommy inawahi kuliko Kent.

Halafu embe iliyodondoka usiiache chini hata usiku mmoja. Ifunge kwenye mfuko mweusi uiweke juani, au ifukie shimo refu. Mtego wa kuvutia madume unasaidia, lakini ukiwa peke yako mtaa mzima unakusanyia nzi wa majirani.

Kiboko ya Mchwa, #16
Tommy ina ngozi ngumu na rangi ya kupendeza, ladha ni ya dukani. Nipande mti nyumbani nile embe la kusafirishwa kwa meli? Hapana. Bora nigawane Kent na funza.

Nzi Hana Breki, #17
Karibu mezani, mgao wako wa funza upo 😂

Kibosho Damu, #18
Kwa nini mnang'ang'ania embe? Pandeni parachichi Hass, ndiyo hela.

Daktari wa Udongo, #19
Kibosho, huko kwenu kuna mvua, udongo wa volkano na mifereji. Hapa mwanzisha uzi kasema maji ya kisima yana chumvi. Kati ya miti ya matunda tunayoijua, mparachichi ni miongoni mwa isiyovumilia chumvi kabisa. Majani yanaungua kuanzia nchani, yanakuwa ya kahawia, mti unadumaa. Sehemu nyingine za Dodoma udongo una chokaa, majani yanageuka njano huku mishipa ikibaki ya kijani, hapo mti umeshindwa kuchukua chuma. Wapo wanaovuna parachichi hapa mjini, sibishi, lakini wana maji matamu na wametandaza majani makavu chini mwaka mzima.

Hata mwembe haupendi chumvi. Ntyuka Juu, yule jirani ambaye maua yake hayana weupe, anamwagilia kwa maji gani?

Ntyuka Juu, #20
Aisee. Ndiye mwenye kisima.

Daktari wa Udongo, #21
Aangalie ncha za majani ya zamani. Kama zimeungua, tumepata mtuhumiwa mwingine.

Kibosho Damu, #22
Sawa, parachichi nimewaachia. Na tufaha? Kuna aina inaitwa Anna, ilizalishwa Israeli, haihitaji baridi nyingi.

Bwanashamba Mstaafu, #23
Anna inaweza kuota, na baridi ya Juni ya hapa inaweza kuishtua kidogo. Lakini inataka mwenzake wa kuchavusha, kwa kawaida Dorsett Golden, inataka maji, na inataka kupogolewa na mtu anayejua. Kwa kiwanja chenye nafasi ya miti mitano sioni sababu ya kuipa nafasi mbili.

Mgogo wa Mvumi, #24
Nimewasoma tangu juu nikawa nasubiri nani ataitaja miti inayoipenda nchi hii. Hakuna. Mkomamanga unavumilia ukame na chumvi kuliko hiyo yote mliyotaja. Mtopetope unapukutisha majani kiangazi, mvua ikidondoka unafufuka. Mpera unazaa mapema, hata wa mbegu. Mkunazi wa kubebesha unatoa tunda kubwa. Mtini unakubali. Zambarau kama una nafasi. Ukwaju na ubuyu sisemi kitu, hiyo ni miti ya baba zetu, na watu wa Dar wanakuja kununua unga wa ubuyu kwetu kwa bei.

Mnataka mti unaolelewa kwa dawa, maji ya boza na dua. Pandeni kwanza mti usiowadai.

Mtumishi Mpya, #25
Mbuyu kwenye kiwanja cha Kisasa mkuu? Kitukuu changu ndiye atakayeula.

Mgogo wa Mvumi, #26
Mbuyu nao unabebeshwa, na ukibebeshwa hausubiri vitukuu. Ila kwa kiwanja chako kidogo nakubali, anza na komamanga na topetope.

Mama Tunda, #27
Naunga mkono komamanga. Tahadhari moja: likikaa na kiu muda mrefu, halafu ghafla ulimwagie ndoo nyingi au mvua inyeshe, tunda linapasuka mtini, ndege na nyuki wanalimaliza. Mpe maji kidogo kidogo lakini bila kuruka. Matandazo yanasaidia sana.

Kiboko ya Mchwa, #28
Matandazo Dodoma ni kuita mchwa. Jina langu halikutoka hewani. Weka samadi iliyooza kabisa, ile mbichi yenye majani makavu wanaipenda. Matandazo yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja na zaidi kuzunguka. Mche mchanga wenye kiu ndio wanaoushambulia kwanza, ukiupa maji ya kutosha miezi ya mwanzo unakuwa umemaliza nusu ya kazi. Majivu yanasaidia siku chache, mvua ikinyesha yamekwisha.

Papai Shupavu, #29
Samahani naingilia. Mipapai yangu ya Solo ilikuwa inazaa vizuri, mwezi wa kumi joto lilipopanda ikatoa maua yanayodondoka yote. Jirani anasema imegeuka dume. Inawezekana?

Daktari wa Udongo, #30
Mpapai wa jinsia mbili kwenye joto kali na ukame sehemu ya kike ya ua inashindwa kukua, ua linabaki kama la dume na kudondoka. Hali ikitulia unarudi. Usiukate. Mbegu zinazotokana na Solo iliyojichavusha zinatoa miti ya jinsia mbili na majike, dume halisi halitoki. Kama ulipanda mbegu za papai la sokoni hapo ni habari nyingine, dume linaweza kuwemo.

Mpwapwa Kwetu, #31
Na mpapai ukipigwa na upepo wa mwezi wa nane unalala. Hapo tu nampa Kiboko hoja yake ya upepo.

Kiboko ya Mchwa, #32
Asante. Polepole mtafika.

Zabibu za Hombolo, #33
Inashangaza uzi wa matunda Dodoma umefika hapa bila zabibu. Wamisionari wa Bihawana waliileta mizabibu tangu miaka ya 1950, leo tuna kituo cha utafiti Makutupora, na bado mtu anajenga kibanda cha kupumzikia akakiezeka bati. Jenga kichanja imara, mizabibu miwili inakifunika. Unapata kivuli na zabibu. Ukipogoa vizuri unavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa pili au wa tatu, na tena wa nane au wa tisa. Zao la kiangazi ndilo tamu, la masika linasumbuliwa na ukungu.

Aina: kwa kula mezani tafuta Black Rose au Queen of Vineyard. Chenin Blanc na Makutupora nyekundu ni za mvinyo zaidi, ingawa sisi watoto wa Hombolo tulizila zote.

Mtumishi Mpya, #34
Kichanja hicho kikae mbali gani na karo la choo? Nafasi yangu yote ipo upande huo.

Bwanashamba Mstaafu, #35
Mizizi ya mzabibu si ya kubomoa, ila usiweke juu ya karo. Mwembe ndio wa kuuweka mbali, mita tano na zaidi kutoka ukutani na kwenye karo. Mwembe unaokunywa karo unanawiri majani ya kijani kibichi mwaka mzima na kuzaa kwa shida, naitrojeni imezidi. Ntyuka Juu, hili nalo ulichunguze kwa majirani.

Ntyuka Juu, #36
Wakuu nawashukuru. Nimerudi kwa jirani mwenye kisima. Majani yake ya chini yameungua nchani kama alivyosema Daktari. Lakini mwembe huohuo uko kama mita tatu kutoka kwenye karo, na uko upande wa upepo. Sasa sijui nimsikilize nani.

Uamuzi wangu kwa sasa: kokwa mbili za dodo nitazipanda Desemba nizibebeshe baadaye, moja Kent na moja Apple nyuma ya ukuta. Komamanga moja, topetope moja. Kichanja cha zabibu nitakisubirisha mwaka kesho. Mgao wa maji utaenda kwenye miche michanga, kisima sitakigusa.

Bwanashamba Mstaafu, #37
Vizuri. Ile Apple iandalie salfa.

Kiboko ya Mchwa, #38
Ikiwa nyuma ya ukuta haitaihitaji.

Mpwapwa Kwetu, #39
Ntyuka Juu, kokwa panda mbili kila shimo, uache lililo imara. Vikonyo kata kwenye mti ambao umeuona unazaa kwa macho yako, kata asubuhi, funga kwenye kitambaa chenye unyevu, bebesha siku hiyohiyo. Kuna mtu yeyote hapa mjini ana Kent iliyoshazaa anayeweza kumpa mwenzetu vikonyo?

Mwenye Uchungu, #40
Mimi ninayo sasa, niliirudia kwa kubebesha upya juu ya lile shina la kienyeji na imezaa misimu kadhaa. Niko Nzuguni. Muda ukifika njoo faragha tuelewane, vikonyo ni bure.